Fungu la Mwisho

Mkokoteni ukishamwaga kuni uani, hakuna aliyesogea mpaka Mizani avute kigoda chake. Ndivyo mambo yalivyokuwa pale tangu zamani. Bibi huyo, ambaye jina lake la kuzaliwa hata wanawe walilisikia mara chache, alijifunga kitambaa kiunoni, akakohoa kidogo, kisha akaanza kuinua vipande vya mbao kimoja kimoja. Alikipima kila kimoja kwa kiganja. Cha mti mgumu kilikuwa sawa na viwili vya mti mwepesi. Chenye unyevu kiliongezewa kikavu cha kukisindikiza. Alitandaza mafungu manne ardhini, akarudi nyuma akayatazama kwa jicho moja, akahamisha kijiti kutoka hapa kwenda pale, halafu akasema, "Haya, chagueni," na kugeukia ukuta.

Wengine walichagua kwa zamu. Yeye alichukua lililobaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya uani, agawaye huchukua mwisho, na ni sheria iliyokaa vizuri, maana mtu akijua kwamba fungu bovu litamrudia mwenyewe, mkono wake hauna budi kunyooka. Hakuna siku hata moja mtu alinung'unika. Walimpa jina la Mizani, naye akalivaa kama watu wanavyovaa nguo ya sikukuu, kwa uangalifu asije akalitia doa.

Waokaji walikuwa wanne, na tanuri lilikuwa moja. Palikuwa na Mizani mwenyewe, ambaye siku hizi mikono yake ilikanda unga kidogo tu, mikate ya kuuza mlangoni. Palikuwa na mkwewe, Mama Kijino, mke wa mwanawe, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi usiolala. Palikuwa na Mama Pacha wa chumba cha pili, aliyekuwa na watoto wengi na kicheko kikubwa kuliko wote. Na palikuwa na Sajini, ambaye hajawahi kuwa askari hata siku moja. Alilinda mlango wa ghala maisha yake yote, akastaafu na kofia, na kofia ndiyo iliyompa cheo. Kila mmoja alikuwa na siku zake za kuoka, na kuni zote zilitoka kiwanda cha kupasua mbao, ambacho kiliwaachia mabaki kwa bei ya kutupa. Kuni za sokoni zilikuwa ghali kuliko mkate wenyewe.

Sasa, tanuri lile la matofali lilikuwa halijui nusu. Ukililisha kuni za kutosha, dari lake, ambalo huwa jeusi kwa masizi, huanza kusafika taratibu mpaka liwe jeupe, na hapo ndipo unapokomba makaa na kuingiza mikate kwa sepetu ndefu ya mbao. Ukililisha pungufu, dari hubaki jeusi, na mkate hutoka na sura ya mkate huku tumboni ni uji. Hakuna ujanja wa kulidanganya.

Basi siku hiyo mkokoteni ulifika ukiwa unakimbia. Mzigo ulikuwa mwepesi mno.

"Nimewaletea nilichopewa," alisema msukuma mkokoteni kabla hajaulizwa. "Pale kiwandani amekuja mtu na lori. Anayasaga mabaki, anayagandisha kwa gundi, anayauza tena yakiwa mbao. Sasa hivi hata vumbi lina mwenyewe."

"Kesho watauza moshi," alisema Sajini.

"Usicheke, Sajini. Na wiki ijayo ni hivihivi."

Mama Pacha alizunguka lile rundo kama mtu anayetafuta sindano. "Hizi si kuni za watu wanne jamani. Hizi zinamtosha mtu mmoja, na mwenyewe asiwe mroho."

Wote wakamtazama Mizani. Naye akafanya alichokuwa akikifanya siku zote. Akavuta kigoda, akapima kwa kiganja, akatandaza mafungu manne madogo, sawasawa kabisa, kiasi kwamba ndege angetua juu ya lolote asione tofauti. "Haya, chagueni," akasema. Walichagua. Walishukuru. Kila mmoja akaenda kwake na haki yake kwapani.

Wiki ile hakuna aliyetoa mkate unaoliwa. Mama Pacha alirudishiwa yake na wateja, akawapikia wanawe uji wa mkate na kuwaambia ndiyo mtindo mpya. Sajini aliila ya kwake kwa kiburi, akashinda amelala kifudifudi. Mama Kijino alipeleka mzigo wake kwenye kantini ya chuo, na msimamizi wa kantini, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, aliubonyeza mkate ukabaki na shimo la kidole.

"Leo nimekusamehe kwa sababu ni wewe," alimwambia. "Ukiniletea tena tope, nitatafuta mwingine. Wanafunzi wana midomo."

Jioni Mama Kijino alimweleza mama mkwe wake, huku akichambua mchele kwenye ungo na macho yake yakiwa humohumo mcheleni.

"Mama, wewe unajua hali. Mwanao huko alikokwenda kutafuta kazi amenyamaza, hajui tumekula wala tumelala. Sikulaumu wewe. Lakini mimi kinachonikalisha nyumba hii ni kantini tu. Ikienda, kaka yangu ameshaniambia, kwao kuna kazi ya kupanga mboga kwenye makasha. Nitamchukua Kijino nitakwenda."

Kijino alikuwa chini ya meza anamvisha paka soksi. Aliitwa hivyo kwa jino moja lililotangulia mengine likakaa mbele peke yake kama mlinzi. Alikuwa mjukuu pekee wa Mizani aliyekuwa karibu. Wengine aliwajua kwa sauti ya simu.

"Mwanangu, fungu langu lichukue," alisema Mizani.

"Na wewe uoke nini?"

"Mimi mzee. Nitapumzisha mgongo."

Hilo aliona ni jambo dogo. Kilicho chake ni chake, anaweza hata kukichoma uwanjani akacheza. Mzigo wa pili ulipokuja, mwepesi kama wa kwanza, aligawa manne, akageukia ukuta, akapokea lililobaki, akalibeba mpaka upande wa mkwewe na kuliweka juu ya la kwake. Mama Kijino aliongeza mlango mbovu wa kabati na miguu ya kiti cha zamani. Siku yake ilipofika, dari la tanuri likawa jeupe. Harufu ya mkate ulioiva ilitembea uani mzima, ikaingia vyumbani bila hodi.

Harufu haina siri. Kabla mikate haijapoa, Sajini alikuwa amesimama pale na kofia yake, na Mama Pacha nyuma yake, mikono kiunoni, bila kile kicheko.

"Umeiva," alisema Sajini.

"Umeiva," alijibu Mama Kijino. "Karibu, onja."

"Sikuja kuonja. Nimekuja kuuliza. Kuni zetu ni sawa, siku zetu ni sawa, mbona wako umeiva wangu ni kinamasi?"

"Nimempa fungu langu," alisema Mizani. "Ni langu, Sajini. Sikumgawia la mtu."

Sajini alivua kofia akajikuna. Hakuwa mtu mbaya, na mbele ya bibi huyu sauti yake ilishuka yenyewe. "Najua, Mama. Mkono wako ni safi. Lakini hebu tazama na wewe. Nyumba yako ilichukua mafungu mawili. Ilikuwa hivyo zamani, tukanyamaza, kwa sababu kila mtu alikuwa na tele na wewe ulikuwa unaoka chako mbali. Sasa mnaoka kwa pamoja. Nyumba moja, mafungu mawili. Hiyo mizani imeinama."

Lile neno lilimwingia Mizani kama mwiba wa samaki. Alikuwa ametoa, hakuchukua. Na bado Sajini alisema kweli.

Wakakaa hapohapo, juu ya ndoo na matofali, penye joto la tanuri. Mizani akasema lile lililokuwa likimkosesha usingizi. Kuni hizi zikigawanywa ni takataka, zikikusanywa ni moto. Kwa nini wasizitie zote kwa mkupuo, tanuri likashika, mtu mmoja akaoka kwa niaba ya wote?

"Mtu mmoja nani?" aliuliza Mama Pacha.

Kila mtu alijua ni nani. Mikate ya Mama Kijino ilikuwa mizuri hata kabla ya shida, na yeye ndiye mwenye kantini, mnunuzi pekee anayebeba mzigo mzima kwa mara moja. Lakini Mizani ndiye aliyepaswa kulisema hilo, na ulimi wake ukagoma. Angetaja jina la mkwewe, kila fungu alilowahi kugawa lingegeuzwa na kuchunguzwa upya.

Mama Kijino akajisemea mwenyewe. "Mimi nitaoka. Unga nanunua mimi, naamka mimi, naungua mimi, napeleka kantini mimi. Ninyi mnatoa kuni tu. Katika kila mikate kumi, minne yangu, na kila mmoja wenu miwili. Mkiiuza, mkiila, shauri yenu."

Sajini alihesabu kwa vidole, polepole, makusudi. "Minne yako. Miwili ya Mama. Nyumba ya Mizani sita. Mimi miwili."

"Miwili si sifuri, Sajini. Wiki hii umepata mingapi inayoliwa?"

"Sikupata. Wala wewe wiki iliyopita hukupata. Tulikosa sawasawa, tukalala."

"Ulilala kifudifudi, nilikuona," alisema Mama Pacha, na kwa nusu dakika walicheka wote, hata Sajini. Ingekuwa ni kucheka tu, mambo yangekwisha pale.

Lakini Mama Pacha alikuwa na lake. "Mwenzangu, mimi nakusikiliza na nakupenda. Ila niambie. Kuni zikirudi kesho kutwa, wewe utakuwa na kantini yako iliyonona kwa kuni zangu. Mimi wateja wangu watakuwa wameshanisahau. Nitawaokotea wapi? Utanirudishia na wao?"

"Sasa unataka nini? Tuoze wote?"

"Sitaki tuoze. Sitaki kuoza peke yangu."

"Chukua miwili yako, dada. Mkono mtupu haulambwi."

"Miwili ya kupewa na wewe," alisema Sajini, "kwangu ni chini ya sifuri." Halafu akaongea kwa sauti ambayo Mizani hakuwahi kuisikia kwake. "Ghala lile nimelinda mpaka nywele zikaota mvi. Kila kitu kikiingia, wakubwa wanachukua, mimi napewa kilichobaki, na nasema asante bosi. Hapa uani tu ndipo nilipowahi kuwa sawa na mtu. Mama alikuwa anaweka fungu langu na la kwake, hayana tofauti. Mnataka nianze tena kusema asante?"

"Basi iwe sawa kwa sawa," Mizani alijaribu, akimgeukia mkwewe. "Mwanangu, punguza. Kila mmoja awe sawa."

Mama Kijino alimtazama kwa macho makavu. "Nikande mimi, nikeshe mimi, niungue mikono mimi, wao wamekaa, halafu sawa? Hiyo nayo ni haki, Mama? Wewe ndiye unayejua kupima, nipimie hiyo."

Mizani akapima, na hakuweza kusema kwamba mkwewe amekosea. Hilo ndilo lililomchosha. Angekuwapo mwongo mmoja kati yao angemshika mkono, angemkemea, angelia naye. Lakini kila aliyefungua mdomo alikuwa na kweli yake mkononi, nzima, isiyo na ufa, na zile kweli hazikuingia kwenye tanuri moja.

Yeye mwenyewe alikuwa amezeeka vya kutosha kujua kwamba nusu shari ni afadhali kuliko shari kamili. Mikate miwili huliwa. Kiburi hakiliwi. Laiti angekuwa jirani tu angewaambia, pokeeni, wajinga ninyi, mtashtakiana mkishashiba.

Sajini akamwona anavyosumbuka, akamrahisishia, au alidhani anamrahisishia. "Mama, sisi hatujawahi kukushuku. Leo pia hatukushuku. Sema neno moja, na mimi nalifuata. Huyu asingekuwa mkweo, ungetuambia tukubali?"

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Naye alikuwa tayari kulifuata. Jambo zima lilikuwa limeletwa na kuwekwa mapajani kwa bibi mmoja, jepesi kama mtoto aliyelala.

Mizani aliinama. Alitafuta ndani yake sehemu isiyokuwa na mkwe, isiyokuwa na mjukuu, asimame hapo atazame minne na miwili kama mtu wa mbali. Kila alipofika, alimkuta Kijino ameshatangulia, na lile jino lake, na paka kavishwa soksi. Alijaribu tena. Ilikuwa ni haki, au aliitamani tu iwe haki? Katika maisha yake yote mkono wake ulimjibu kabla hajauliza. Siku hiyo mkono ulikaa kimya.

"Sijui," alisema.

Sajini akavaa kofia.

"Basi," akasema kwa upole. "Na hizo kuni, kuanzia sasa tugawe kwa nyumba. Nyumba moja, fungu moja. Nadhani hakuna wa kupinga."

Hakukuwa na wa kupinga.

Chumbani Mama Kijino hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Alipanga mikate kwenye kikapu, akaifunika vizuri, akakaa kitandani.

"Ungesema ndiyo tu, Mama."

"Ningekuwa nimewadanganya."

"Ungewadanganya, nao wangekula."

Mizani alitoka nje akafagia majivu, ingawa yalikuwa yameshafagiwa.

Mzigo uliofuata aligawa matatu. Yalikuwa makubwa kidogo kuliko yale ya manne, na kila aliyelitazama lake aliona tumaini ndani yake. Mama Kijino aliongeza mbao za kitanda cha mumewe. Alisema, mwenyewe hayuko, kitanda cha nini? Mizani alichochea moto yeye mwenyewe, akapuliza mpaka machozi yakamtiririka, akalibembeleza lile tanuri kama mtoto mgonjwa. Dari lilianza kusafika pembeni. Pakatokea doa jeupe, likapanuka. Wakashikana mikono, mtu na mkwewe. Kisha kuni zikaisha, na doa likasimama palepale, na baada ya muda masizi yakarudi kulifunika.

"Tuingize hivyohivyo?" aliuliza Mama Kijino.

"Tutafanyaje?"

Waliingiza. Msimamizi wa kantini aliupasua mkate mmoja tu, hakuubonyeza hata kuubonyeza. Akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli, na nyuma yake juu ya meza tayari kulikuwa na makreti ya mikate ya mashine, imefungwa kwenye nailoni.

Sajini na Mama Pacha nao walikosa wiki hiyo. Baada ya hapo hawakulisumbua tena tanuri. Kila mtu alitumia fungu lake kupikia maharage na kuchemsha maji ya kuoga, na kwa kazi hiyo kuni zilitosha vizuri sana, hata zikabaki. Hakuna aliyegombana na mtu. Uani walisalimiana kama kawaida.

Habari za safari ya Mama Kijino kwenda kwa kaka yake zilipojulikana, Mama Pacha alikuja na nguo za wanawe zilizobana, kifurushi kizima, zimefuliwa na kupigwa pasi. Alilia kuliko wasafiri. Alimshika Mama Kijino shingoni akamwambia wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja, ukikwama huko unipigie hata usiku wa manane. Na angekwenda, Mizani alijua hivyo. Angeuza hata sufuria zake akaenda. Walikuwa watu wa kukupa shati la mgongoni, yeye na Sajini, ilimradi ulipokee kama zawadi.

Sajini ndiye aliyebeba begi kubwa mpaka kituo cha mabasi. Alikataa kusaidiwa. Aliliweka begani, akatangulia na Mama Kijino, na Mizani, aliyekuwa nyuma ameshika mkono wa mjukuu, alisikia wanataniana.

"Huko kwenye mboga watakuchoka siku ya kwanza. Mdomo gani ule."

"Na wewe ukae ukijua, kofia hiyo haikupendezi. Nilikuwa nakuonea haya."

"Kaka yako akikusumbua mwambie una Sajini."

"Sajini wa nini? Wa maharage?"

Basi lilikuwa limeshawasha injini. Mama Kijino alipiga goti kumuaga mama mkwe wake, akamshika mikono miwili na kuikandamiza kwa nguvu. Kijino alitaka kujua kama bibi atakuja kesho. Mizani alisema kesho ana kazi. Kesho kutwa? Na kesho kutwa pia. Mtoto akafikiri, akaona ni sawa, akapanda ngazi za basi moja moja akiwa ameshika nguo ya mama yake. Dirisha lilikuwa na pazia, kwa hiyo basi lilipoondoka hawakuona mtu wa kumpungia.

Walirudi kwa miguu, Sajini na Mizani. Magoti ya bibi yalikuwa yanamsumbua, na Sajini, mwenye hatua ndefu, alitembea nusunusu ili asimwache. Walipita duka la mkate wa mashine. Hakuna aliyeligeukia.

"Angekubali sawa kwa sawa, Mama, tungekubali," alisema Sajini.

"Najua."

"Na wewe ungesema neno moja."

"Najua, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

Mizani alisimama avute pumzi. Sajini naye akasimama, akampa mkono ashike, mkono mgumu wa mtu aliyelinda mali za wengine. Aliushika. Barabara ilikuwa inapanda kidogo mbele yao, na nyumba ilikuwa bado mbali.

"Twende tu," alisema.